Dereva wa Juu ya Keria

Ilikuwepo nchi moja, na wapo wanaoapa kwamba bado ipo, iliyoendelea sana katika karatasi. Barabara zake zilikuwa mashimo matupu, lakini michoro ya barabara hizo ilikuwa mizuri mno, hata wageni walikuwa wakipelekwa ofisini kuitazama. Jina la nchi hiyo sitalitaja. Nikilitaja nitaulizwa nimelitoa wapi na kwa kibali gani, na mimi nina watoto wanaonitegemea.

Katika mji wa mwisho wa nchi hiyo, upande wa magharibi, aliishi fundi viatu aitwaye Lugendo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mpole, asiyejua kugombana. Nalitaja hilo mapema ili msije mkasema alizaliwa na roho mbaya. Roho mbaya alipewa na serikali, tena bure, na katika nchi hiyo vitu vya bure vilikuwa vichache.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Lugendo alipata habari kwamba mama yake, Bi Kabula, amefariki dunia kijijini Nkono. Kwa watu wa Nkono maiti haivuki jua la pili, kwa hiyo mazishi yangekuwa Jumatano alasiri. Safari yenyewe aliijua vizuri. Basi la masafa marefu lilichukua saa tisa kufika Njiapanda. Kutoka Njiapanda mpaka Nkono ni maili kumi na nne za mchanga, hakuna gari linalopita, na ndiyo maana kila mtu wa Nkono alisafiri na baiskeli yake. Unaikabidhi kwa kondakta, inafungwa juu ya keria pamoja na matenga ya kuku, ukishuka inashushwa, unapanda, unakwenda zako. Watu walifanya hivyo miaka arobaini na hakuna baiskeli iliyowahi kulalamika.

Lugendo akafunga kibanda, akaikokota baiskeli yake mpaka stendi. Huko akakuta utepe.

*

Utepe ulikuwa mwekundu, na nyuma yake alisimama Mheshimiwa Daktari Injinia Sosthenes Mabawa, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mwendo wa Pamoja, yaani mamlaka ya mabasi. Alikuwa anaizindua Sheria ya Vyombo Vilivyobebwa. Sheria yenyewe ilikuwa imeshaanza kutumika tangu jana yake, lakini katika nchi hiyo kitu kisichokatiwa utepe kilihesabika hakijazaliwa.

“Ndugu wananchi,” alisema Mheshimiwa, “kwa muda mrefu taifa letu limeshuhudia vyombo vya magurudumu vikitembea barabarani bila dereva. Baiskeli inapanda basi, inakwenda kilomita mia sita, na hakuna aliyeshika usukani. Nauliza, nani anaiendesha?”

Wananchi wakatazamana. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amejiuliza.

“Kuanzia sasa,” akaendelea, “chombo chochote chenye magurudumu kikibebwa juu ya chombo kingine, mwenyewe atakaa juu yake, ameshika usukani, safari nzima. Na kwa kuwa dereva wa baiskeli ana uwezo wa mwendo wa baiskeli tu, basi lililombeba halitazidi mwendo huo. Usalama kwanza.”

Akapigiwa makofi. Waliopiga walikuwa wale wasio na baiskeli.

Lugendo alisogea mpaka kwenye utepe, akavua kofia. “Mheshimiwa, shikamoo. Nimefiwa na mama. Mazishi ni kesho alasiri, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Basi likienda mwendo wa baiskeli sitawahi. Naomba safari hii moja tu wanifungie juu kama zamani, mimi nikae ndani.”

Mheshimiwa akamtazama, kisha akaitazama baiskeli, na uso ukamkunjamana kana kwamba anajuana nayo. “Mzee,” akasema, “mbona unakuwa na haraka kuliko marehemu? Marehemu hana haraka.”

Wasaidizi wake wakacheka. Lugendo alivaa kofia yake, akapanda ngazi ya nyuma ya basi mpaka juu, akakaa kwenye tandiko la baiskeli iliyofungwa kamba kati ya matenga ya kuku, akashika usukani. Mtu wa mamlaka akapanda kukagua kama kengele inalia. Ililia.

*

Sasa ukitaka kujua uchungu wa dunia, kaa juu ya baiskeli iliyo juu ya basi linalokwenda mwendo wa baiskeli. Jua linakuchoma utosini. Kila kona unakata usukani, maana kwenye vizuizi kuna askari mwenye darubini anayetazama kama dereva wa juu anakata kona. Chini ndani ya basi abiria hamsini na wanane wanakulaani wewe, si sheria, kwa sababu sheria hawaioni na wewe wanaona miguu yako ikining'inia dirishani.

“Huyo mzee wa juu si aiuze hiyo baiskeli,” alisema mama mmoja aliyekuwa na samaki wabichi kapuni.

“Ana kiburi,” akajibu mwenzake.

Kwenye kila kizuizi watembea kwa miguu waliwapita. Mwenye punda mmoja aliwapita, akawapungia mkono. Jumatano alasiri, saa ya mazishi, Lugendo alikuwa bado juu ya keria, kilomita zaidi ya mia mbili kutoka Njiapanda, anapiga kengele kwa sababu sheria ilimtaka apige kila wanapopita shule. Alilia huku anapiga kengele. Watoto wa shule hiyo wakadhani ni mchezo na wakashangilia.

Alifika Nkono Alhamisi jioni. Mama yake alikuwa ameshalala chini tangu jana yake.

*

Hapa inanibidi niwaeleze mila ya Nkono, maana bila hiyo mtasema mtu huyu aling'ang'ania jambo dogo. Kwa watu wa Nkono mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa mwisho kaburini. Asipokuwepo, kaburi linafukiwa lote isipokuwa pale kichwani, panapoachwa kishimo cha ukubwa wa bakuli, na hapo ni pake. Lakini hakijazi hivi hivi. Kama alichelewa kwa uzembe wake, ataomba radhi yeye mwenyewe. Kama alicheleweshwa na mtu, mtu huyo aletwe, aseme samahani kwa mdomo wake mbele ya kaburi, ndipo udongo utiwe. Mpaka hapo, wanasema, marehemu amelala kichwa wazi.

Mjomba wake, Mzee Ng'wandu, ndiye aliyesimamia mazishi. Alimpeleka Lugendo kaburini, akainua kipande cha ungo walichofunikia kishimo kisiingie mvua.

“Nani kakuchelewesha?” aliuliza.

“Serikali, mjomba.”

“Hakuna mtu anayeitwa hivyo. Nataka jina.”

Lugendo akalitaja, na vyeo vyake vyote. Mzee Ng'wandu akasikiliza mpaka mwisho, akafunika kishimo. “Haya,” akasema. “Mlete.”

Kumleta nani? Mtu aliyelindwa na mageti matatu? Lugendo aliiacha baiskeli Nkono, akarudi mjini, akaandika barua, ikajibiwa kwamba imepokelewa. Aliandika ya pili, akajibiwa kwamba jibu la kwanza lilikuwa la mwisho. Alikwenda ofisini kwa Mheshimiwa siku kumi na moja mfululizo, na kila siku aliambiwa Mheshimiwa yuko kwenye semina ya kusikiliza wananchi. Siku ya kumi na mbili hakwenda. Chuki ilikuwa imeshamkaa kifuani vizuri, imetandika na mkeka, na yeye hakuifukuza. Alikuwa anaamka nayo, anakunywa nayo uji.

Akaamua kuisoma ile sheria.

*

Nakala pekee ya sheria hiyo mjini ilikuwa katika maktaba ya wilaya, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Mtunza maktaba alipoombwa aliikung'uta vumbi, akamuuliza Lugendo kama ana uhakika, kwa sababu hata aliyeiandika hakuwahi kuja kuisoma. Lugendo alisoma kila siku baada ya kazi, miezi mitano. Pale alipokwama alimwuliza mwalimu wa shule ya jirani. Aliisoma kama watu wengine wanavyosoma barua ya mchumba.

Kumbe ilikuwa sheria tamu. Haikusema baiskeli. Ilisema chombo chochote chenye magurudumu mawili au zaidi. Ilisema mwendo wa basi utakuwa mwendo wa kawaida wa chombo kilichobebwa. Ilisema kutelekeza chombo barabarani ni jela mwaka mmoja, bila faini. Na kwenye ukurasa wa mia mbili tisini na nane, mahali ambapo hata mpiga chapa alikuwa ameshachoka, ilisema kwamba mtu anaweza kusamehewa kukaa juu ya keria akipata cheti kilichotiwa saini na Dereva Mzoefu wa Vyombo Vilivyobebwa, nyumbani kwao dereva huyo, penye asili yake.

Dereva Mzoefu ni yule aliyekamilisha safari nzima ya basi juu ya keria bila kushuka kwenye chombo isipokuwa kwa kulala. Lugendo akaenda mamlaka kuuliza wako wangapi. Karani akafungua daftari. Tangu sheria ianze, watu wengine wote walishuka njiani wakauza baiskeli zao, au walibaki nyumbani. Katika nchi nzima Dereva Mzoefu alikuwa mmoja, na karani akampa kitambulisho chake palepale, akampongeza.

Lugendo akarudi Nkono na kitambulisho mfukoni. Kila asubuhi alikwenda na vifaa vyake Njiapanda, panapopita kila basi la kwenda mji mkuu, akakaa kando ya kizuizi cha barabara akishona viatu vya wapita njia, na kumsomea ile sheria Sajini Nyamizi, mama mnene aliyesimamia kizuizi hicho.

“Mimi, baba,” Sajini Nyamizi alimwambia, “sina ubaya na mtu. Ila kikiandikwa nakisimamia. Wakiandika mbuzi wavae viatu, nitakuletea mbuzi uwapime.”

“Ndivyo ninavyokupendea,” alisema Lugendo.

*

Subira yavuta heri. Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata redio ikatangaza kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye wenzetu wengine humwita rais, amemteua Mheshimiwa Mabawa kuwa Waziri wa Mabasi. Ataapishwa Ijumaa saa kumi jioni. Na kwa kuwa Mlezi Mkuu alikuwa anapenda mifano, aliagiza waziri mteule aje kuapishwa kwa basi la kawaida, pamoja na wananchi, na mtangazaji wa redio ya taifa awe ndani ya basi akieleza kila hatua.

Alhamisi saa tatu asubuhi basi likasimama Njiapanda. Mheshimiwa alikuwa kiti cha mbele, na mto mgongoni. Sajini Nyamizi akazunguka basi mara moja, akatazama juu ya keria, akarudi mlangoni.

“Lile begi jeusi la juu ni la nani?”

“Ni langu, mama,” alisema Mheshimiwa kwa sauti ya redioni. “Lina suti ya kuapia.”

“Lina magurudumu mangapi?”

Mheshimiwa akacheka. Mtangazaji naye akacheka. Sajini hakucheka.

“Manne,” alisema sajini mwenyewe, baada ya kupanda ngazi akayahesabu. “Na hakuna aliyekaa juu yake. Mheshimiwa, sheria yako hii hapa. Panda ukakae.”

“Mama, lile ni begi.”

“Kitabu hakijui begi, kinajua magurudumu. Na mwendo wa begi ni mwendo wa anayelivuta.” Akamgeukia dereva. “Kutoka hapa mpaka mji mkuu kwa mwendo huo ni siku ngapi?”

“Kumi na moja,” alisema dereva, “tukilala.”

Ndani ya basi pakazuka mguno. Mheshimiwa akashuka, akamvuta sajini pembeni, lakini mtangazaji alishuka naye na kipaza sauti, kwa maana aliagizwa aeleze kila hatua. “Wasikilizaji,” alisema, “waziri mteule sasa anajadiliana na askari kuhusu utii wa sheria aliyoiandika yeye mwenyewe. Ni somo kubwa kwa taifa.”

“Basi begi libaki hapa,” Mheshimiwa alinong'ona.

“Kutelekeza chombo,” alisema Sajini Nyamizi. “Mwaka mmoja, hakuna faini.”

Kijasho chembamba kikaanza kumtoka Mheshimiwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hapo Njiapanda hakuna aliyemwambia. “Hakuna njia nyingine?”

“Ipo. Ukurasa wa mia mbili tisini na nane. Utafute Dereva Mzoefu akusainie.”

“Huyo nitampata wapi?”

Sajini akanyoosha kidole. Kando ya kizuizi alikaa mzee mmoja anapiga uzi ndala, na baiskeli imeegemea nyuma yake. Lugendo hakuinua kichwa. Alimaliza kupiga uzi, akakata kwa meno, akaifuta ile ndala, akaiweka chini. Miezi yote hiyo alikuwa akijiuliza siku hii atatetemeka au hatatetemeka. Hakutetemeka hata kidogo, na alisikia raha, tena raha ya waziwazi. Wanaosema kisasi hakina utamu hawajawahi kukionja.

“Mzee wangu, shikamoo,” alisema Mheshimiwa, ambaye hakumkumbuka.

“Marahaba. Nitasaini. Lakini ni nyumbani, maili kumi na nne. Panda nyuma. Begi usiliache, utafungwa.”

Hivyo ndivyo waziri mteule alivyoondoka, amekaa kwenye keria ya baiskeli, amekumbatia begi, miguu ameitanua isiguse mchanga. Mtangazaji aliwaambia wasikilizaji kwamba Mheshimiwa amekwenda kuwafikia wananchi wa ngazi ya chini kabisa.

*

Mahali pa mchanga mzito Lugendo alimshusha, akamwambia asukume. Mahali pepesi alimpandisha. Kuna mahali palikuwa pepesi na bado alimwambia asukume. Saa nane mchana walifika, Mheshimiwa hana sauti, soksi moja haijulikani ilikobaki.

Watu wa Nkono, waliosikia yote redioni, walikuwa wamekusanyika kaburini. Mzee Ng'wandu akainua kile kipande cha ungo.

“Hiki ni nini?” aliuliza Mheshimiwa. “Cheti kiko wapi?”

“Huyu ni mama yangu,” alisema Lugendo. “Nilikuomba stendi, mbele ya utepe, nije kumzika. Ukaniambia marehemu hana haraka.”

Hapo Mheshimiwa akamkumbuka. Alimtazama Lugendo, akaitazama baiskeli, akatazama watu waliomzunguka, akaelewa kwamba hapa hapana geti hata moja. Mzee Ng'wandu akamweleza anachotakiwa kusema.

Mheshimiwa akakohoa. “Mamlaka inasikitishwa na usumbufu wowote uliojitokeza...”

“Mamlaka hatukuiita,” alisema Mzee Ng'wandu. “Anza tena.”

“Kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote...”

“Hao nao hawapo. Upo wewe. Anza tena.”

Akaanza mara nne. Mara ya tano sauti ilikuwa ndogo, ya mtu yeyote tu. “Siku moja nilitoka ofisini, nikakuta baiskeli imeegeshwa mlangoni. Nilipopita, mnyororo wake ukanipaka grisi kwenye suruali. Nilikasirika. Nikarudi ndani, nikaandika.”

“Suruali,” alisema Mzee Ng'wandu.

“Ya kijivu. Ilikuwa mpya.”

Lugendo alidhani ameshaimaliza hasira yote ya kumtosha mtu mmoja, kumbe ilikuwepo nyingine chini yake, mbichi kabisa. Mikono ikamwasha. Akayashika mapaja yake, akasubiri.

“Malizia,” alisema mjomba.

“Samahani, mama,” alisema Mheshimiwa, anakitazama kile kishimo. “Nilimchelewesha mwanao. Hakuwa na kosa.”

Lugendo akapiga magoti, akachota udongo kwa viganja viwili, akautia, akaushindilia kwa mkono mpaka ukawa sawa na mwingine. Shangazi zake wakaanza kulia kilio walichokiweka miezi kumi. Yeye akainuka, akakung'uta magoti, akaingia ndani, akatoka na cheti. Akakisaini, kwa maana alikuwa ameahidi, na akamkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili.

“Ahsante sana,” alisema Mheshimiwa. “Haya, mzee wangu, tuwahi. Nirudishe Njiapanda.”

“Haiwezekani,” alisema Mzee Ng'wandu. “Aliyetia udongo hapandi chombo siku saba, wala chombo chake hakipandwi. Na leo sisi wote wa Nkono tumetia naye. Ni mila yetu.”

“Mila hiyo ipo tangu lini?”

Mzee akafikiri kidogo. “Tangu sasa hivi.”

Mheshimiwa alitafuta uso wa kumtetea, hakuupata. Akashika mpini wa begi, akavuta. Magurudumu manne yakazama mchangani, begi likawa linalima. Shangazi mmoja akamwonea huruma, au labda siyo huruma, akasokota majani makavu yakawa ngata, akamwonyesha namna ya kuiweka kichwani. Akaiweka upande, wakamrekebisha. Wakamtwika begi. Akaondoka.

Lugendo hakumtazama mbali sana, maana macho yake yalikuwa yanauma kwa jua na machozi. Alikaa chini kando ya kaburi, akaweka kiganja juu ya ule udongo mpya, akamwita mpwa wake mmoja mtu mzima, mwenye macho mazuri, asimame nyuma yake amwambie. Na kila alichoambiwa, alimweleza mama yake polepole, bila haraka yoyote.

“Amefika kwenye mchanga mzito, mama. Ameanguka. Ameokota begi. Ameinuka.” Akasubiri, akasikiliza nyuma yake. “Hapana, mama. Ameanguka tena.”